Pumzi Ishirini

Tusidanganyane. Wengi wanaojaza fomu ya chuo huogopa mtihani. Mama Saa aliogopa barua. Mtihani ukianguka unasema maswali yalikuwa magumu, watu wanakupa pole, mambo yanaisha. Lakini barua ile ilitakiwa itoke kwa mtu ambaye, laiti angejua ukweli, asingempa Mama Saa hata salamu.

Alikuwa muuguzi msaidizi wodi ya wanawake, mwaka wa kumi na moja sasa. Jina la Mama Saa alibandikwa na wenzake kwa sababu ya saa ndogo aliyoining'iniza kifuani kwa pini, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Mgonjwa yeyote aliyelazwa humo, Mama Saa alisimama pembeni yake, akamtazama kifua dakika nzima, akahesabu pumzi moja moja. Wenzake walimcheka. "Wewe unawapima au unawachumbia?" walimuuliza. Yeye alitabasamu tu, akaandika namba, akaenda kitanda cha pili. Walidhani ni bidii. Bidii ya wapi. Ilikuwa hofu, na ilikuwa imemkaa mwilini miaka miwili.

Hata nyumbani haikumwacha. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliinua kijiko akakuta macho ya mkewe yako kifuani pake.

"Ngapi leo?"

"Kumi na sita."

"Basi kesho nakwenda kazini," mume alisema, akaendelea kula. Aliupenda utani huo. Chanzo chake hakukijua.

Fomu aliletewa na Sista, mkuu wa wodi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtu aliyechomwa sindano ya usingizi. Ilikuwa ya chuo cha madaktari wasaidizi: miaka mitatu, na ukitoka unampima mgonjwa mwenyewe, unamwandikia dawa, unashona jeraha, huku daktari akiwa nyuma yako. Nafasi arobaini, waombaji mamia. Na umri usizidi miaka arobaini. Mama Saa alikuwa na thelathini na tisa na miezi saba.

"Mwaka huu au basi tena," Sista alimwambia. "Usiniletee habari za nitafikiria. Katika wodi hii nzima, nani anahesabu pumzi kama wewe?"

Mama Saa akashukuru, akaichukua fomu.

Alianza kusoma. Kurasa za moyo na mapafu alizibandika ukutani juu ya sinki, za figo nyuma ya mlango wa choo. Jioni mume alimshikia kitabu na kumsaili akiwa bado na masizi mikononi. "Figo zina kazi gani?" Anajibu. "Na hii mirija?" Anajibu. "Hapa pana neno refu sijui hata linasomwaje, lakini kwa uso wako naona umekosa." Walicheka wote wawili. Ndoto hii ilikuwa ya tangu ujana wake, tangu alipoacha shule ili alee wadogo zake, na mume alijua hivyo. Aliitaka nafasi ile hata mate yalimkauka akiiwaza.

Kisha akafika ukurasa wa pili wa fomu. Barua mbili za kumdhamini mwombaji, kila moja katika bahasha iliyofungwa. Moja ya mkuu wake wa kazi. Ya pili iandikwe na mgonjwa aliyemhudumia, au ndugu wa mgonjwa.

"Hiyo si kazi," Sista alisema. "Yule mshonaji wa geti la hospitali yupo. Kila siku anakusifu ulivyomwangalia mama yake. Nimeshamwambia, anakusubiri."

Mama Saa akashika meza ya dawa.

Sasa sikiliza kilichokuwa kimefichwa. Katika wodi ile kulikuwa na mazoea, na usishangae, yapo kwingi. Mgonjwa hupimwa vitu vinne: joto, presha, mapigo ya moyo na pumzi. Vitatu vya kwanza vina vifaa vyake. Pumzi haina kifaa, inataka usimame dakika nzima unamtazama mtu, na dakika hiyo, wagonjwa thelathini wakikungoja, nani anayo? Kwa hiyo pumzi haikuhesabiwa. Iliandikwa ishirini, namba isiyomshtua daktari. Mzee ishirini, kijana ishirini, aliyelala ishirini, anayelia ishirini. Aliyeingia kazini leo alifundishwa na aliyeingia jana: pumzi ni ishirini, tusisumbuane.

Miaka miwili nyuma, saa nane mchana, zamu zikipokezana, Mama Saa alimpima mama mmoja mzee aliyelazwa kwa kikohozi. Joto la kawaida, presha si mbaya. Aliyaona mabega ya yule mama yakipanda na kushuka. Aliyaona, wala asikwambie mtu kwamba hakuyaona. Yule mama alisema, "Nachoka, mwanangu." Naye akamjibu, "Pumzika, mama," akaandika ishirini, akatia sahihi, akaenda kubadili nguo kwa sababu zamu ilikuwa imeisha. Daktari alipita saa tisa, akasoma karatasi, akaona kila kitu kiko sawa, akapita. Kabla jua halijazama yule mama alikuwa amefunikwa shuka.

Alikuwa mama yake mshonaji.

Hakuna aliyeuliza. Karatasi iliwekwa kwenye faili, faili likaenda stoo. Kesho yake Mama Saa akanunua saa. Na mshonaji, masikini, kila alipomwona akipita getini alisimamisha cherehani: "Dada yangu, Mungu akuzidishie. Mama alisema una mikono mizuri." Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na huu alikuwa anachomwa nao kila asubuhi na kila jioni, kwa maneno matamu.

Siku ya barua alikwenda saa kumi, baada ya zamu. Kibanda cha mshonaji kilikuwa na cherehani moja ya miguu, vitambaa hadi darini, na harufu ya mafuta ya mashine. Na kama wafanyavyo waombaji wote, unayemwomba barua humsumbui kuandika. Unaandika sifa zako mwenyewe, yeye anatia sahihi. Mama Saa alikuja na karatasi na kalamu yake.

"Kaa hapo juu ya kigoda," mshonaji alisema, miguu ikikanyaga. "Mimi namalizia suruali ya mtu, nitakutajia. Andika: mama yangu alilazwa siku nne. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika: katika siku hizo nne huyu dada alimpima mama yangu kwa makini kila mara, wala hakuna dalili iliyompita."

Kalamu ikasimama. Alifikiria miezi mitano iliyobaki kabla ya kutimiza arobaini. Alifikiria ule ukurasa nyuma ya mlango wa choo. Mstari mmoja tu, kisha sahihi, kisha bahasha. Nani angejua?

"Umeandika?"

"Dada, hilo siwezi kuliandika."

"Acha aibu. Mtu akisifiwa hukubali."

"Si aibu. Si kweli."

Akasema. Alisema yote, saa nane, mabega, nachoka mwanangu, ishirini. Alisema akitazama sakafu, vipande vya nyuzi vilivyotapakaa, kwa sababu uso wa yule mwanamke hakuuweza. Katikati ya maneno yake cherehani ilinyamaza.

Nje mtu alikuwa anapiga honi afunguliwe geti.

"Ungehesabu," mshonaji akauliza taratibu, "mama angekuwa hai?"

"Sijui. Labda. Daktari angeitwa mapema."

"Labda."

"Labda, dada."

Mshonaji akakata uzi kwa meno. Akaikunja ile suruali ambayo haijaisha, akaiweka. "Miaka miwili nakusalimia," alisema. "Acha karatasi hapo. Nitaandika mwenyewe. Njoo Ijumaa."

"Dada, nisamehe."

"Nimesema Ijumaa."

Siku tatu zile Mama Saa hakula akashiba. Kila mlango wa wodi ukifunguliwa aligeuka, akidhani ni mganga mkuu na faili mkononi. Mumewe alipomuuliza figo alimjibu ini, na mume akafunga kitabu. "Kuna nini?" Akamweleza naye. Fundi wa mageti akajifuta masizi kiganjani yasiyofutika.

"Wanaweza kukufukuza kazi," alisema.

"Najua."

"Basi kula kidogo. Hufukuzwi vizuri ukiwa na njaa."

Ijumaa mshonaji hakumkaribisha ndani. Alimpa bahasha mlangoni. Ilikuwa nene, na pale pa kufunga hakupaka gundi: alikuwa ameipitisha cherehani, mshono wa uzi mweusi kutoka pembe hadi pembe, umerudiwa mara mbili.

"Nimeishona usije ukaichungulia njiani," alisema. "Ipeleke au usiipeleke, shauri yako."

Hapo ndipo hofu ilipopata miguu. Angeweza kuitupa. Angeweza kumwendea mgonjwa mwingine, mmoja kati ya mamia aliowahesabu tangu siku ile, na barua ingekuwa tamu kama asali. Alitembea nayo hadi dirisha la chuo, akapanga foleni, akafika, akawapisha watu wawili wa nyuma yake, kisha akaipitisha chini ya kioo kabla mkono haujabadili nia. Karani aliugusa mshono, akamtazama, akapiga muhuri.

Mtihani alifaulu. Habari hiyo isikucheleweshe, maana hata yeye hakuifurahia. Kufaulu kulimaanisha usaili, na usaili ulimaanisha bahasha kufunguliwa.

Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, feni iliyokuwa ikilia. Nyuma ya meza walikaa daktari mzee mwenye miwani na mwalimu mmoja wa kike. Walimuuliza kuhusu mapafu, akajibu. Walimuuliza kwa nini sasa, umri huu, akajibu. Kisha daktari akaivuta ile bahasha.

"Hii imeshonwa?"

"Ndiyo, daktari. Aliyeiandika ni mshonaji."

Daktari akatafuta mkasi kwenye droo. Alifumua uzi tundu kwa tundu, bila haraka. Karatasi zilikuwa mbili. Daktari alizisoma, akampa mwalimu. Mwalimu alisoma, akavua kalamu yake kifuniko, akakirudisha.

"Mama mzee anayetajwa humu," daktari alisema. "Siku ya mwisho, saa nane mchana. Alikuwa anapumua mara ngapi kwa dakika?"

Namba mbili zilimjia mdomoni. Ya kwanza ishirini, ile iliyoko kwenye faili na sahihi yake chini. Hiyo isingeweza kumponza, karatasi ingemtetea. Ya pili ilikuwa thelathini na nane. Hii aliipata mwenyewe, kwa kuyakumbuka yale mabega usiku na mchana kwa miaka miwili, akiyahesabu kichwani upya na upya. Ilikuwa namba nzuri, ya mtu aliyejutia na kujifunza. Aliifungulia mdomo kabisa.

"Sijui, daktari," alisema. "Sikuhesabu. Niliandika ishirini, lakini sikuhesabu. Sitajua kamwe."

Feni ililia. Daktari akavuta karatasi ya pili, akashuka hadi mstari wa mwisho, akasoma kwa sauti kama anavyosoma mtu asiyezoea mwandiko ule:

"Muulizeni huyu dada: mama yangu alikuwa anapumua mara ngapi? Akiwatajia namba, namba yoyote ile, msimchukue."

Mama Saa akaweka mikono yote miwili juu ya meza. Hakulia. Mwalimu akamsogezea glasi ya maji.

Jina lake lilitokea kwenye orodha ya waliochaguliwa baada ya wiki mbili, la thelathini na moja kati ya arobaini. Chini ya orodha waliandika: kila mwanafunzi aje na koti jeupe, mikono mirefu, mifuko miwili. Alikaa na ile habari siku nzima kabla ya kuthubutu kwenda getini.

Mshonaji alikuwa anashona. Hakuinua kichwa.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema ngapi?"

"Nilisema sijui."

Cherehani ikaenda hatua chache, ikasimama. Mshonaji akainuka, akavuta tepu iliyokuwa shingoni mwake.

"Sijakusamehe," alisema. "Ulijue hilo."

"Najua, dada."

"Inua mikono."

Mama Saa akainua. Tepu ikazungushwa kifuani, pale ilipokuwa saa, na mshonaji akaisogeza ile saa pembeni kwa kidole. Alivuta tepu, akalegeza, akatazama namba, akavuta tena, akasonya.

"Pumua," alisema. "Umeibana pumzi. Siwezi kumpima mtu asiyepumua."