Samaki wa Mama kwenye Blanketi la Dunia

Robota la mitumba likikatwa kamba, kabla hata nguo hazijamwagika, hutoka harufu moja ya ajabu. Si uvundo, wala si manukato. Ni sabuni ya watu wengine iliyochanganyika na dawa ya wadudu na safari ndefu. Jumapili iliyopita nilikuwa soko la Kibuye, hapa Kisumu, nikitafuta sweta, kijana akafungua robota karibu na miguu yangu, na harufu ile ikanikuta. Nikasimama pale uso ukinichoma kwa aibu, mtu mzima mimi, mama wa watoto, kwa jambo lililotokea nikiwa darasa la tano.

Mama yangu aliuza mitumba hapo hapo Kibuye, upande wa mashuka na mapazia. Tulikaa Kaloleni, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la mji, na kila kitambaa cha nyumba yetu kilitoka kwenye robota. Hata sketi yangu ya shule ilipunguzwa kutoka sketi ya mama fulani wa ng'ambo, mwenye kiuno cha kuheshimika. Mimi sikuona tatizo. Mtoto haoni tatizo mpaka aonyeshwe.

Mwaka huo mwalimu wetu wa sanaa, Madam Adongo, alituletea habari kubwa. Shule za nchi mbalimbali zilikuwa zinashona blanketi moja la viraka. Kila mtoto angeleta kipande cha kitambaa kutoka kwao, akipambe kwa uzi, kisha vyote viunganishwe na blanketi lizungushwe duniani watu walione. Kitambaa kinachoonyesha nyumbani ni wapi, Madam alisisitiza. Wenzangu wakaleta vitenge na leso. Mama akafungua sanduku akatoa shuka nililolilalia tangu nikiwa mchanga. Lilikuwa na picha za dubu waliovaa skafu. Niambie wewe, Kisumu tumetoa wapi dubu?

"Mama, Madam anataka kitu ya kwetu," nikalalamika.

"Na hii si ya kwetu? Ni wewe umeilalia ama ni Madam?"

Basi akakata kipande chenye dubu mmoja. Mkono wangu ulikuwa mzito kwa sindano, kwa hiyo jioni tukakaa pamoja, mimi nikishona ukingo, yeye akishona samaki mbele ya mdomo wa yule dubu. Alikuwa ngege, samaki wa ziwa letu, kwa uzi wa sweta wa kijani. Mama alijua kuuza vitambaa, kushona alikuwa anajaribu tu, na ngege akatoka na tumbo la mja mzito na jicho la mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nikamuuliza samaki ni wa nini. Akaniambia nipeleke tu.

Kabla viraka havijatumwa, kukapangwa simu ya video na shule mojawapo ya huko mbali, na wazazi wakaalikwa. Tukapanga foleni, kila mtoto ainue kiraka chake mbele ya kompyuta. Zamu yangu ilipofika nilimwona yule ngege na tumbo lake, nikaona haya. Nikakishika kiraka kwa namna ya kumfunika kwa kiganja changu, akabaki dubu peke yake.

Upande wa pili msichana mmoja akaruka kitini. Akasema, kwa Kiingereza ambacho darasa zima lilikielewa, kwamba mdogo wake alikuwa na shuka kama hilo hilo, akalikojolea mpaka wakaamua kuligawa. Lo! Nchi mbili zilinicheka kwa wakati mmoja.

Madam Adongo hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu shule yetu ionekane vizuri. Akaniinamia akaninong'oneza kama ningependa anipe kipande cha kitenge nishone upya. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza, nikakitupa kiraka chetu mezani. Mama alikuwa amesimama nyuma na wazazi wengine. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni, hakikumfikisha mbali, na alikuwa akicheka pamoja na watu wote akidhani ni furaha. Akaja mezani, akakikunja kiraka taratibu, akakitia kwenye mkoba.

Njiani akaniuliza yule mtoto alisema nini. Nikamwambia amesema ni kizuri.

"Na samaki, alimwona?"

"Alimwona."

Mama akatabasamu. Halafu ndipo akaniambia maana yake. Jirani yetu Mama Zuhura akituletea pilau ya Idi, alinikumbusha, sisi hurudisha sahani na kitu ndani, hata kama ni njugu tu. "Hawa watu wametuvika miaka mingi, nyathina, mtoto wangu," akasema, kana kwamba hakuyanunua marobota yale kwa jasho lake. "Shuka yao ilikuwa inarudi kwao. Sasa ningerudisha tupu? Hata kama haiendi tena, si wamemwona? Imetosha."

Nilitembea kando yake nikitamani ardhi inimeze. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba kilichoniuma siku ile ni kuchekwa kwa ajili ya mitumba. Nilipokuwa na nyumba yangu na majirani wangu, nikaanza kuosha sahani za watu na kutafuta cha kutia ndani, ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mama alikuwa ameipelekea dunia chakula, na mimi nikakifunika kwa kiganja. Wale watoto walicheka shuka la kukojolewa kwa sababu hilo ndilo nililowaonyesha.

Mama amezeeka sasa. Wageni wakija huwasimulia kwamba kuna watu ng'ambo, mbali kabisa, waliomwona samaki wake. Kisha hunigeukia mimi niliyekuwepo, nithibitishe.

"Ndiyo, Mama," mimi husema. "Walimwona."