Kabichi za Kuuza na Kabichi za Kula

Ipo siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikwenda kumposa Zainabu huko Mwembesongo, Morogoro mjini, nikiwa na mjomba wangu na suruali ya mtumba niliyoinyoosha mara tatu.

Nilikuwa nalima kabichi huku Mgeta. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na dawa za wadudu, ambazo zamani tulipimiwa na bwana shamba, sasa zilijaa madukani kama soda. Kwenye chupa waliandika: ukishapulizia, subiri wiki mbili ndipo uvune. Kusoma najua. Lakini nilipulizia Jumatano, Ijumaa nikakata, maana mjini walitaka kabichi inayong'aa, isiyo na tundu. Nyumbani tulikula za nyuma ya jiko, zilizotobolewa na viwavi. Sikuona ubaya. Watu wa mjini sikuwajua hata majina.

Basi tukafika, tukaamkia, tukanywa chai. Bibi yake Zainabu, mwanamke mfupi wa sauti ya taratibu, akatandika mkeka, akaleta wali na kabichi.

“Tumesikia mkwe ni mkulima,” akasema. “Nimemwomba dalali wako sokoni anipe za kwako mwenyewe, za jana.”

Mjomba alishamega tonge. Mimi mkono ulikataa kwenda.

“Nimefunga, bibi.”

“Tangu saa ngapi? Maandazi manne umeyala hapa hapa.”

Nikasingizia tumbo. Akasema kabichi inafaa kwa tumbo. Hapo Zainabu akaanza kumpakulia mdogo wake wa miaka mitatu, nami nikajikuta nimeishika ile sahani.

“Asile,” nikasema. Nikaeleza yote, nikiuangalia mkeka.

Mjomba akalirudisha tonge polepole, kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

“Na kwenu mnakula hizi?” bibi akauliza.

“Hapana, bibi.”

“Kwa hiyo ulijua.”

Bibi akaiondoa sahani mkekani, akasema, “Mjukuu wangu sijakunyima. Ila kila Jumamosi nitakuja sokoni, na kabla hujauza, utatafuna mbele yangu jani bichi la kila gunia.”

Njia nzima ya kurudi mjomba alishika tumbo, ingawa hakuwa amemeza hata punje.

Nilitafuna msimu mzima, mwanangu. Wapagazi wakaniita Mbuzi. Baada ya kupulizia nilihesabu siku kama mjamzito. Kabichi zikaja na matundu, wateja wakanipita, hadi mama lishe mmoja akauliza mbona muuzaji anakula bidhaa yake. Bibi akamweleza. Tangu hapo mama lishe wakawa wananisubiri. Harusini bibi alikataza kabichi isipikwe, akisema bwana harusi amekula za kutosha.

Siku hizi nawasikia mkienda semina za tabianchi, za magonjwa yanayovuka mipaka, za mashine zinazofikiri. Mengi siyajui. Ninachojua ni kwamba mambo huharibika pale mtu anapoamua juu ya watu asiowaona. Ukipewa kazi itakayowagusa walio mbali, jiulize kama ungewapa walio nyumbani kwako. Ukiona moyo unasita, sema hapo hapo, hata kama utaaibika mbele ya wakwe. Aibu hupita, mtoto aliyekwisha kula huwezi kumtapisha kwa maneno.

Mungu akuonyeshe nyuso za usiowajua, na akupe ulimi wa kusema mapema kuliko mimi. Nenda salama, mwanangu.