Oili Iliyong'aa kama Samli

Haya, sogeeni! Na nyinyi wa nyuma, wekeni hizo simu chini, maana hadithi yangu ni nzito, ikiwaangukia vidoleni msinilaumu. Wewe Jillo, kaa hapa mbele. Nimesikia fundi amekwambia injini ya gari yako imekwisha, na sasa unazunguka Garsen nzima ukitafuta fundi wa kukwambia haijaisha. Mwanangu, njia hiyo mimi nimeipita.

Nakumbuka ilikuwa asubuhi ya harusi yangu. Nilikuwa na pikapu nyeupe, mbio zake swala akiziona anakaa chini kwa aibu. Bibi harusi alikuwa Hola. Baba yake, mzee ambaye hata fahali walimpisha njia, alikuwa amenitumia neno: "Umeahirisha mara mbili. Ndoa ni adhuhuri. Ukichelewa tena, tafuta kwingine."

Basi nikapita hapa hapa Garsen kwa Fundi Komora, mkulima wa kuzaliwa huko Kulesa, anikazie nati moja tu iliyokuwa ikigonga ko-ko-ko. Komora hakufungua kitu. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama anayesomewa dua. Kisha akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akapaka tone kwenye ukucha wa gumba, akauinua juani. Oili ikametameta kama imetiwa fedha.

"Ndugu yangu," akasema, "hii gari isitoke hapa. Beringi zimekwisha. Ukiiacha, naweza kuiokoa. Ukiiendesha, hata Wenje hufiki, seuze Hola."

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Sisi watu wa ng'ombe, mwanangu, samli nzuri tunaijua kwa kung'aa. "Komora," nikamwambia, "wewe umezoea migomba. Kitu kikimeta hivi ni kizima kuliko mimi na wewe!"

"Samli inatoka kwa maziwa," akajibu taratibu. "Hicho kinachometa ni chuma. Injini yako inajitafuna."

"Umeiona ndani?"

"Nimeisikia."

"Mtu anayesikia vyuma vikizungumza apelekwe kwa shehe akasomewe!"

Hakukasirika. Akasema tu, "Ukisikia ko-ko imegeuka ngwa-ngwa, zima upesi. La sivyo, chuma cha ndani kitatoboa ubavu kitoke kukusalimia."

Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshaoshwa na kuvikwa sanda. Nikapita Minjila nikiimba. Mbele kidogo, ko-ko ikawa ngwa-ngwa. Nikaimba kwa nguvu zaidi.

PAA!

Wallahi, viboko wa Mto Tana walipiga mbizi kwa mlio ule wakaibukia Kipini, baharini. Nilipofungua boneti, ubavu wa injini ulikuwa na shimo la kuingia ngumi, na hapo chuma kimechomoza, kimejikunja kama mkono wa mtu anayetoa salamu.

Utani ukaniisha, mwanangu. Nilisimama pale juani, nywele zimenisimama. Yule mtu hakugusa hata nati moja, lakini aliona ndani ya chuma kama babu yangu alivyomwona ndama tumboni mwa mama yake. Nikasema Subhanallah. Nikarudia, nikarudia.

Nikiwa hapo, nikasikia pikipiki. Komora! Ovaroli yake nyeusi tititi kwa oili, kamba ya kuvutia gari begani.

"Wenje sijafika," nikamwambia.

"Najua. Acha gari, panda. Harusi haingoji."

Hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nikamkumbatia mgongoni mpaka Hola, kanzu yangu nyeupe ikanywa oili yote ya ovaroli ile. Tuliingia mwadhini anavuta pumzi.

Sasa sikiza, Jillo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi nilikataa beringi, nikazika injini nzima. Sisemi kila fundi ni mkweli. Ukimshuku, mwambie akuonyeshe, na ukiita wa pili, mwite gari ikiwa imezimwa. Lakini kazi ya mwenzako usiipime kwa kipimo cha kwenu, kama mimi niliyepima oili kwa macho ya samli. Mola akupe masikio kabla ya kukupa gari, akufikishe kwa wakwe ukiwa msafi, na siku ukikosea, akuletee mwenye kamba.

Eh, ningesahau! Bibi yake mke wangu, macho yamefifia lakini ulimi wembe, alitaka kujua kwa nini bwana harusi ni mweusi kama chungu. Nikamweleza yote: bisibisi, ukucha, chuma kutoka nje. Akamtazama Komora. Akanitazama mimi. Halafu akamgeukia baba mkwe, mbele ya shehe na watu wote:

"Yaani mwenye masikio ndiye anarudi Garsen, na kiziwi ndiye tunamwoza?"