Kijicho cha Kipaza Sauti kwa Mzee Athumani

Jamani, hili nimelificha miaka mingi kwa haya, lakini aibu ikizeeka huwa kichekesho, basi chekeni. Ilikuwa Iringa, miaka ya hamsini, mimi fundi redio niliyetoka Mbeya, na posa yangu kwa Zuhura imelala kwa baba yake, Mzee Athumani muuza nguo, aliyesema atanijibu baada ya harusi ya mwanawe wa kiume, akanipa na kazi ya kipaza sauti (kunipima tu, nani asiyejua?).

Vyombo vya kurekebishia sauti nilikuwa navyo viwili. Kimoja cha kawaida, unazungusha kwa mkono. Kingine kilikuja kwa posta toka Nairobi, kijicho kadiri ya punje ya hindi: kikiona mwanga kinapunguza sauti, kikiwa gizani kinaiachia, hivyo ukikiwekea kitaa kinachowaka sauti inapozidi, inashuka yenyewe. Nikachagua kijicho! Tena nikaacha sanduku wazi mezani, juani, watu waone ufundi. Kumbe kitaa kilikuwa dhaifu, kazi yote ilifanywa na jua.

Siku ya harusi, tunamsubiri shehe, mimi na rafiki yangu Sefu tumekaa mezani, maikrofoni mbele yetu, sauti ndogo kabisa. Akapita mama yake Zuhura, akatandaza kitambaa cha kufuma juu ya sanduku, kama redio yoyote ya nyumba yenye heshima.

"Kisiingie vumbi, mwanangu."

"Ahsante, mama," nikajibu (mjinga mimi).

Sefu akaniuliza, "Mkweo mtu wa namna gani?"

Nikanong'ona, "Mwema, ila akipiga funda la kahawa, hata kijiji cha Kalenga wanaanua nguo wakidhani ni radi."

Kumbe kitambaa kimekitia kijicho gizani; pembe ya kipaza sauti juu ya paa la bati ikaipeleka kauli hiyo mtaa mzima. Nikapapasa kitufe cha kuzungusha, hakipo, nikamwambia Sefu, "Mungu wangu, amesikia!" Nayo ikaenda.

Mzee Athumani akaweka kikombe chini taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniuma.

"Kijana, chombo chako kizima. Anayehitaji fundi ni wewe."

Zuhura aliolewa na mshona nguo wa Ipogolo, mtu wa maneno machache. Tangu siku ile situmii chombo kisicho na kitufe, na mbele ya maikrofoni natoa salamu tu, naondoka. Zuhura nilimpenda kweli. Siku ile mji mzima ulisikia mawazo yangu juu ya kahawa ya baba yake, na Zuhura mwenyewe sikuwahi kumwambia neno hilo moja, hata kwa kunong'ona.