Aliyepitisha Maziwa ya Olenguruone

Mimi sinywi maziwa. Chai nakunywa ya rangi, uji nataka wa maji, na mtu akinikaribisha mandazi namuuliza kwanza amekandia nini. Watu wa nyumbani wanasema najidai. Wacha waseme. Wewe unayenitazama hivyo, nisikilize kwanza, kisha uamue. Hiki kisa sikusimuliwa na mtu, sikukiota, wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa Olenguruone, saa nane mchana, laptop mapajani. Nani alikudanganya kwamba wafu hungoja giza?

Kazi yangu ni kutengeneza programu. Nina chumba kimoja mjini Nakuru, juu ya duka la chakula cha kuku, na nilikuwa nikidhani harufu ya lile duka ndiyo mbaya kuliko zote duniani. Miaka mitatu iliyopita niliwatengenezea sistimu watu wa ushirika mmoja wa maziwa huko juu Olenguruone. Jina lao nitalificha, wana aibu ya kutosha. Ni kitu cha Java, lugha moja ya kompyuta, kinafunguka kama tovuti yoyote. Mkulima analeta mtungi, karani anachota kidogo, mashine inapima, jibu linaingia kwenye skrini. Rangi ya kijani, SAFI, maziwa yanamwagwa kwenye tangi. Nyekundu, CHAFU, mwenyewe anarudi nayo nyumbani. Tangi likijaa, lori linayapeleka shule za chekechea. Shule huyachemsha, zikikumbuka. Ni watoto wa miaka mitatu, minne, na hao ndio uwaweke akilini mpaka nimalize.

Sasa, Java ina tabia moja. Ikikutana na jambo isilolielewa inaacha kazi na kulalamika mistari arobaini, na mtumiaji anabaki ameangalia ukurasa mweupe wenye maneno ya kutisha. Ile mashine ya kupima ilikuwa ikituma jibu la CHAFU kwa namna ambayo programu yangu haikutarajia. Kwa hivyo kila yakija maziwa mabaya, ukurasa mweupe. Kamati wakanipigia simu: injinia, hii sistimu yako inatuaibisha mbele ya wanachama. Ilikuwa Ijumaa jioni na nilikuwa na safari zangu. Basi nikafanya kile ambacho kila mtu wa kazi yangu amewahi kufanya na anajifanya hajawahi. Niliiziba mdomo. Nikaandika mistari mitatu: hitilafu yoyote ikitokea hapa, usiseme kitu, andika SAFI, endelea. Safu ya jina la aliyepitisha maziwa ilikataa kubaki tupu, nikaijaza jina langu. Nikajiambia Jumatatu nitarekebisha vizuri. Jumatatu gani? Ulipita mwaka na zaidi.

Karani wao wa kupima aliitwa Mzee Langat. Hatukuwahi kuonana. Nilimjua kwa simu tu, sauti ya pole, mtu wa kusafisha koo kabla ya kila sentensi. Alinipigia mara nne. "Injinia, mashine inasema chafu, skrini inasema safi." Mara ya kwanza nikamwambia azime kompyuta, aiwashe tena. Mara ya pili, afute historia ya kivinjari. Mara ya tatu, atumie kivinjari kingine. Mara ya nne nilikuwa mezani na nyama choma mbele yangu, na nilimjibu kama unavyomjibu mtu anayekusumbua.

"Mzee, huku kwangu inafanya kazi."

Akasafisha koo. "Sawa," akasema. "Basi nitarudi kwa njia yetu ya zamani."

Sikumuuliza ni njia gani. Simu zake zikaisha, na nitakuwa mkweli kwako, nilifurahi.

Halafu, msimu huu wa mvua uliopita, meneja wao akanipigia asubuhi. Anaitwa Madam Chebet, mama mkali asiyependa salamu ndefu. Sistimu imekwama, inazunguka tu, haifunguki. Nikajaribu kuishika kutoka Nakuru, wapi. Ikabidi nipande mwenyewe. Huko juu ukungu ulikuwa mzito mpaka ng'ombe wa barabarani unawasikia kabla ya kuwaona. Nilimkuta Madam langoni, mwavuli mkononi, akienda kuonana na chifu.

"Lori linatoka saa tisa," akaniambia. "Nikirudi nataka hiyo kitu iwe inatembea. Chumba cha kupimia kiko wazi."

Niamini, harufu ilinipokea kabla ya mlango. Maziwa yaliyochacha mimi nayajua, na mursik, yale ya Wakalenjin ya kugandishwa kwenye kibuyu, nimekunywa kwa marafiki nikaipenda. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya kidonda kilichofungwa bandeji wiki mbili. Ndani, juu ya stuli, alikaa mzee mwenye koti jeupe la kazi na gambuti nyeusi za mpira miguuni. Akasafisha koo.

"Umefika, injinia."

Ile sauti. "Mzee Langat, hatimaye tumeonana," nikasema, nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, laini kupita kiasi, na alipouachilia kitu kikabaki kiganjani mwangu. Utando. Ule unaokaa juu ya maziwa yakishachemka yakapoa, unaonata na kujikunja. Nikaupangusa kwenye suruali. Nikajiambia ni mtu wa kazi, mikono yake hushinda ndani ya maziwa.

Nikafungua laptop. Ubovu wa siku hiyo haukuwa mgumu. Kila karani alipofungua ukurasa, programu ilishika njia moja ya kwenda kwenye hifadhi ya data, na nilisahau kuiambia iiachilie ikimaliza. Njia zikaisha, kila mtu akabaki foleni. Nilisoma malalamiko ya seva, nikaona pale, nikapaziba, dakika kumi. Wakati wote mzee alisimama nyuma ya bega langu. Nzi walikuwa wakimtua shingoni na hakuwafukuza. Nikawa napumua kwa mdomo.

"Hiyo ni yao," akasema. "Sasa ile yangu."

Akavuta mtungi uliokuwa karibu na mlango, akafungua kifuniko, akakinusa kama wapimaji wanavyonusa. Akatandaza kitambaa cheupe juu ya bakuli na kumimina. Sitaki kukueleza, lakini lazima. Yalitoka kwa mabonge. Mengine ya manjano, mengine yenye nyuzi za damu, kamasi ikaning'inia kwenye kitambaa ikakataa kupita. Ni ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, amekamuliwa tu hivyo hivyo, usaha na yote. Mzee akaweka tone kwenye mashine. Mashine ikawaka nyekundu. Skrini ikafikiri kidogo, ikaandika kijani: SAFI. Na chini yake, pale penye aliyepitisha, lilikuwa jina langu.

Akashusha orodha kwenye skrini polepole kwa kidole chenye maji. Jina langu. Jina langu. Jina langu. Ukurasa baada ya ukurasa, tangu ile Ijumaa.

"Kabla ya mashine," akasema, "hapa kwetu tulikuwa na sheria. Anayesema maziwa ni safi ndiye anaonja kwanza, mbele ya watu. Mimi nimeonja miaka ishirini." Akachovya kikombe cha bati kwenye bakuli, chini ya kitambaa na juu ya kitambaa, akakijaza. "Wewe umepitisha mitungi yote hii na hujaonja hata mmoja."

Utauliza kwa nini sikukimbia. Nami nimejiuliza sana. Kuna mambo mawili. La kwanza, alikuwa amesimama kati yangu na mlango. La pili ndilo linaloniudhi hadi leo: kukataa kile kikombe kulikuwa ni kusema kwa mdomo wangu kwamba ni uchafu, na kwamba nilijua. Mimi huyo, hata hapo, nilikuwa bado natafuta namna ya kutoonekana mwenye makosa. Nikasema, "Mzee, ni tatizo dogo tu la skrini." Fikiria. Nikakichukua kikombe.

Yalikuwa na joto, joto la mwilini. Chumvi. Bonge moja likapita ulimini, likagoma kooni, likarudi, likapita tena, na nilikuwa nalihisi kila linapogusa. Nilimaliza chote. Kisha nikakimbilia sinki nikatapika mpaka nikaona nyongo, na kwenye sinki niliona mabonge yale yale yametoka jinsi yalivyoingia.

Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa akijichuna mkono. Taratibu, kwa kucha mbili, kama unavyotoa utando kwenye kikombe kabla ya kumpa mtoto. Utando wa mkono ukatoka, chini yake utando mwingine. Akauchuna huo. Chini yake mwingine. Hakukuwa na nyama popote.

"Nilikupigia mara nne," akasema. "Rekebisha, injinia. Saa tisa inakaribia."

Nilirekebisha. Matapishi yakiwa kwenye kola, nikafuta ile mistari mitatu. Nikaielekeza programu kusoma jibu la CHAFU jinsi mashine inavyolituma. Kazi yenyewe ilichukua robo saa. Mwaka mzima na zaidi, kwa kazi ya robo saa. Nikaiwasha seva upya, nikaamuru vipimo vyote vya siku hiyo, ambavyo mashine huvihifadhi yenyewe, visomwe tena. Skrini ikaanza kubadilika kutoka juu kwenda chini. Mitungi mingi ilikuwa sawa. Lakini nyekundu zilikuwa tisa, na zote tisa zilikuwa zimeshamwagwa tangini alfajiri, kabla ya sistimu kukwama, pamoja na zile nzuri.

Nikageuka nimwonyeshe. Stuli ilikuwa tupu. Chini yake zilisimama zile gambuti, mbili, sambamba, zimejaa maziwa hadi ukingoni, na juu ya kila moja utando mzito umeganda bila hata mkunjo.

Madam Chebet alinikuta nimekaa sakafuni. Akaziangalia gambuti muda mrefu.

"Nani amezitoa hizi stoo?"

"Ni za Mzee Langat. Alikuwa hapa."

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye mtungi uliogeuzwa, akaniambia kwa sauti ya chini mambo ambayo ningeyajua kama ningeuliza. Kwamba mzee aliacha kuiamini skrini, akaanza kuonja kila mtungi kwa mdomo wake, asubuhi na jioni, ili ayazuie mabaya. Kwamba aliyazuia mengi. Kwamba alipata homa, viungo vikamuuma, akakonda, hospitali wakasema ni brusela, ugonjwa wa kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, na walikuwa wamechelewa. Walimzika mwaka jana, kabla ya kuvuna mahindi. Baada yake hakuna aliyeonja tena. Skrini ilikuwa inatosha.

Mimi nilimsikiliza nikiwa na ladha ile mdomoni. Nakwambia, nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Kisha macho yake yakaenda kwenye skrini. "Na hizi nyekundu?"

"Ndiyo ukweli. Tangi lote limeharibika."

Nje lori lilikuwa limeshawashwa. Akatazama dirishani, akanitazama. "Injinia, wanachama watanimaliza. Rudisha ilivyokuwa, tutapanga vizuri wiki ijayo."

Wiki ijayo. Nilikijua hicho kiswahili, kilikuwa changu. Nilitaka hata kukubali, usinione shujaa. Ila nilipofungua mdomo kusema sawa, ile ladha ya chumvi ikanijaa ulimini. Basi nikachukua kile kikombe cha bati, nikafungua bomba la tangi, nikakijaza, nikamwekea mbele.

"Madam, kama ni safi, onja kwanza."

Akakiinua mpaka karibu na pua. Hapo uso wake ukakunjamana, akageukia zile gambuti, akakiweka chini pole pole kama kitu kinachoweza kumsikia. Akatoka nje, nikamsikia akimwambia dereva azime injini.

Yalimwagwa yote kwenye shimo nyuma ya choo. Mbwa wa hoteli ya jirani alikuja mbio, akanusa, akaenda zake.

Ukitaka kujua kilichonibakia, ni hiki. Kila asubuhi nikiamka kuna utando juu ya ulimi wangu, mweupe, unene wa karatasi. Nauchuna kwa kijiko. Chini yake kuna mwingine mwembamba, nao nauchuna. Daktari wa kwanza hakuona kitu, wa pili akaniambia nipunguze mawazo. Mke wangu ameshahamia kitanda cha watoto, anasema napumua vibaya. Na bado hiyo ni nafuu. Lori moja lilizuiwa. Yaliyotangulia, mwaka mzima, yalifika, yakamiminwa kwenye vikombe vya plastiki, na walioyanywa hawakuwa na umri wa kusema yana chumvi. Sina namna ya kuwajua.

Kwa hivyo, wewe wa kazi yangu, kitu kikilalamika kiache kilalamike, na mzee wa watu akikupigia simu, acha nyama, inuka uende. Na wewe mwingine, mtu yeyote akikuhakikishia kwamba kitu ni safi, usibishane naye. Mpe kikombe, kisha umtazame koo mpaka ameze.