Simu ya Habuba

Nguzo za simu zilipoanguka kwenye barabara ya Koboko, niliona kazi yangu Arua imekwisha. Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu jinsi simu ilivyobadilisha kazi ya madereva wa teksi mjini. Simu ikifa, na utafiti umekufa. Nikaenda kwenye ofisi ya teksi kuaga.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, na aliyeiendesha alikuwa bibi wa Kinubi, mjane wa askari. Yeye ndiye aliyepokea simu za abiria na kuwatuma madereva. Tulimwita Habuba, yaani nyanya. Nilimkuta ameweka mkono wa simu sikioni, anaitikia polepole, "Aiwa… aiwa." Alipoushusha, akamgeukia dereva wake, Mkongo mmoja mpole.

"Kwenda Koboko, nyuma ya msikiti. Bibi moja iko na uchungu ya mtoto."

Dereva akaondoka bila kuuliza. Mimi nilikuwa natazama waya. Ulikuwa umekatika pale dirishani, ncha yake inaning'inia nje.

"Habuba, simu hii imekufa."

"Iko kufa, ndiyo. Mimi nasikia tu."

Jioni gari lilirudi na mwanamke amelala kiti cha nyuma, likapitiliza moja kwa moja hadi hospitali.

"Nilimukuta kando ya barabara na mukeka yake," dereva aliniambia baadaye. "Hakuuliza nani alituma mimi."

Sikuondoka tena. Kila siku nilikaa pale nikitazama magari yakitumwa, Pajulu, Logiri, na kila yalikofika palikuwa na mtu amekwisha kufunga mlango wake, anangoja. Siku moja Habuba alisikiliza muda mrefu, kisha akaifunika simu kwa kitambaa asitume gari lolote.

"Huyu hataki gari," akasema. "Anataka watu yake wajue iko wapi."

Sikuthubutu kuuliza ni wapi. Miaka ile ya utawala wa kijeshi watu walipotea, na jamaa zao walijifunza kutouliza.

Siku niliyokata tikiti ya basi kurudi chuoni, Habuba alininyooshea ule mkono wa simu. "Yako."

Niliushika nikitaka kucheka. Palikuwa kimya, lakini kimya chenye mtu ndani yake. Kisha nikasikia kikohozi kikavu, mara mbili. Nilikijua. Kilikuwa cha mwenzangu tuliyelala naye chumba kimoja kule chuoni. Kilikuwa kikiniamsha kila alfajiri.

"Amesema nini?" Habuba akauliza.

"Hakusema kitu."

"Basi usipande basi."

Sikupanda. Siku chache baadaye mwanafunzi mmoja alifika kutoka chuoni Kampala, akanivuta pembeni. Wanaume waliovaa kiraia walikuwa wamemchukua mwenzangu mchana kweupe, na walikuwa wameniulizia mimi pia.

Yule dereva ndiye aliyenipeleka mpakani, kwa ndugu zake upande wa Kongo. Tulipokaribia kizuizi akapunguza mwendo.

"Habuba amesema mutu yako alipiga tena asubuhi. Ameuliza kama umefika."

"Akamjibuje?"

"Alimwambia bado, lakini iko njiani."

Nikashuka. Nikaanza kutembea kuvuka mpaka. Mwenzangu hakuonekana tena, si chuoni wala kwao.