Miyombo Iliyokufa Imesimama

Mti mbichi haukatwi. Hiyo ndiyo sheria aliyoishika Venanti tangu kijiji chake, upande wa Kasulu, kilipomchagua kulinda msitu mwaka 2012. Kuni kavu, okota. Mti mbichi, hata wa mpini wa jembe, hapana. Ukikata, kifaa chako kinachukuliwa. Alimnyang'anya panga shemeji yake mwenyewe, na mkewe akamnunia mwezi mzima.

Ndiyo maana mwaka 2015 kichwa kilimzunguka. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wamejaa kambini Nyarugusu, na wanawake waliokuja kutafuta kuni walitoka msituni na mizigo mikubwa ya miyombo mikavu. Imekaukaje, na mvua ilinyesha vizuri? Alinusa mashina akitafuta harufu ya mafuta ya taa. Akafukua mizizi aone kama imechomwa. Siku tatu alijibanza kichakani tangu asubuhi. Hakuja mtu wa kuua mti. Walikuja wa kuokota tu.

Siku ya nne akamkamata mmoja wao, Niyonsaba, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko kuni, akamnyang'anya panga.

"Mnaipa nini miti yangu?"

"Tuipe nini, mutama, mzee wangu? Sisi wenyewe tunasubiri kupewa." Wenzake wakaangua kicheko.

"Haifi yenyewe!"

"Haifi yenyewe, ndiyo. Imevuliwa nguo." Akamshika mkono kama anayeongoza kipofu, akamsimamisha mbele ya myombo mkavu. Gome lilikuwa limebanduliwa kuzunguka shina lote, kuanzia gotini hadi juu ya kichwa. "Ninyi huku mnajifunika magome?"

Venanti alipima kwa mikono sehemu iliyobanduliwa. Urefu ule aliujua. Ulikuwa urefu wa mzinga wa nyuki.

Mizinga ya magome alifundishwa na baba yake: unabandua gome zima, unalishona liwe kama pipa, unakwenda kulitundika mbali. Hakuna anayerudi kuutazama mti aliouacha. Kukata ni kazi ya shoka, na yeye shoka hakulishika. Alizunguka msitu siku nzima akihesabu miyombo aliyoibandua mwenyewe, akipoteza hesabu, akianza upya.

Jioni akaenda kwa Tharsisi, mwenyekiti wa kamati ya maliasili.

"Nimeua miti thelathini na minane."

"Umeikata kwa shoka la nani?"

"Sikukata. Nilibandua magome ya mizinga."

"Sasa kosa liko wapi? Hata mimi ninayo sita. Nenda kapumzike, bwana."

"Basi panga la shemeji yangu nililichukulia nini?"

"Shemeji yako alikata."

"Kisiki chake kimechipua, mwenyekiti. Yangu imekufa."

Tharsisi akakuna shingo, akauliza habari za mahindi.

Sheria haikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba Venanti aliyashika maneno yake, hakujiuliza hata siku moja yanalinda nini.

Alirudisha panga la Niyonsaba na la shemeji yake, akaacha ulinzi, akaipeleka mizinga yake kwa kamati kama kifaa cha mkosaji yeyote. Kamati haikujua iipokee au imrudishie. Yeye naye hakujua, kwa miaka ile mitatu, alikuwa mlinzi au mharibifu.

Kwake hasara ilikuwa mizinga ishirini na miwili, yote aliyobaki nayo baada ya mingine kuoza. Kwa msitu, miyombo thelathini na minane.